Mwanadamu na Wanyama: Nani Mwenye Mbio, Nani Mwenye Nguvu?

(Haya ndiyo maneno aliyoyasema karani mmoja mbele ya wazee, walimu na vijana wa Kimbiji. Ameombwa ayaandike ili wale wasiokuwapo nao wapate kuyasoma.)

Nimeombwa niseme nanyi habari ya mashindano, nami nimechagua mashindano yasiyo na refa wala kombe, yaani haya ya mwanadamu na wanyama wa mwituni na wa baharini. Jambo hili huzungumzwa barazani mara nyingi. Mmoja husema kwamba mwanadamu ni dhaifu kupita viumbe vyote, hata paka humshinda kuruka. Mwingine hujibu kwamba mwanadamu ni bwana wa wote, wala hapana amshindaye. Kwa maoni yangu wote wawili hawakusema sawa, maana hawakupima. Kazi ya karani ni hesabu. Basi leo nawaleteeni hesabu, nanyi mtahukumu wenyewe. Tena mwishoni mtaona kwamba jambo hili si la kupitisha saa tu, bali lina neno ndani yake litupasalo sisi wa Kimbiji, nalo ni habari ya watoto wetu na miili yao.

Nianze na mbio fupi. Mtu aliyepata kupimwa akaonekana kuwa na mbio kuliko wote ni Usain Bolt wa Jamaika. Mwaka 2009, katika mji wa Berlin, alikimbia meta 100 kwa sekunde 9.58. Mwendo wake ulipokuwa mkali kabisa ulifika kilometa 44 kwa saa, yaani mwendo wa pikipiki. Basi mwaka 2012 duma jike mmoja, jina lake Sarah, aliyefugwa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati huko Marekani, alipimwa kwa njia ya meta 100 vile vile, akaimaliza kwa sekunde 5.95. Lau wangalianza pamoja, duma angalifika mwisho wakati Bolt amepita nusu ya njia kwa hatua chache tu.

Wala duma si peke yake. Mbuni, ambaye ni ndege asiyeruka na mwenye miguu miwili kama sisi, hufika kilometa 70 kwa saa. Hata kiboko, pamoja na tumbo lake lililo kama pipa, akiwa nchi kavu hukimbia kilometa 30 kwa saa, na tembo hukaribia 25. Neno hili nalisema kwa ajili ya ndugu zetu walimao kando ya mto Rufiji: mtu wa kawaida asitumaini miguu yake mbele ya kiboko mahali palipo wazi. Aliye na akili hukaa mbali naye tangu mwanzo, wala hasimami kati yake na maji.

Sasa tutazame kuruka. Mwaka 1991, katika mji wa Tokyo, Mike Powell wa Marekani aliruka mbele meta 8.95. Mwaka 1993, huko Hispania, Javier Sotomayor wa Kuba aliruka juu meta 2.45, ndicho kimo cha mlango pamoja na kizingiti chake na zaidi. Hawa ni watu waliojizoeza tangu utoto. Lakini swala pala, asiyefundishwa na mtu, akishtuliwa na chui hupita meta 10 kwa mruko mmoja. Wala tusiende mbali hata porini. Mwamjua komba, yule aliaye usiku juu ya minazi. Aina moja ya komba wadogo, ambao uzito wao haufiki nusu kilo, wamepimwa wakaonekana huruka juu zaidi ya meta 2 wakiwa wamesimama tu, pasipo kukimbia kwanza. Sotomayor alihitaji mbio ndipo aruke, komba hahitaji.

Tena iko habari ya nguvu. Mwaka 2021 Lasha Talakhadze wa Georgia aliinua kilo 267 juu ya kichwa chake, yaani kama mifuko mitano ya saruji na zaidi. Lakini mtu huyu mwenyewe ni pandikizi la mtu, uzito wake umezidi kilo 160, basi mzigo ule haukufika mara mbili ya uzito wake. Yuko mdudu mdogo mwenye pembe akaaye katika mavi ya ng'ombe. Wataalamu walimfunga uzi wakampima, wakaona kwamba aweza kuvuta uzito uliozidi uzito wake mara 1,141. Mtasema, Je, mdudu ana nguvu kuliko mwanadamu? Hapa hesabu yataka uangalifu, nami nawaomba walimu wawaeleze watoto vizuri.

Chukua sanduku, ufanye jingine lenye urefu mara mbili, upana mara mbili na kimo mara mbili. Lile jipya halitachukua mchanga mara mbili ya lile la kwanza, bali mara nane. Sasa chukua kamba, ufanye nyingine yenye unene mara mbili kila upande. Ukiikata na kutazama uso wake, utaona ni mara nne ya ile ya kwanza. Basi nguvu yake ni mara nne, si nane. Ndivyo ilivyo miili. Uzito hufuata hesabu ya sanduku, na nguvu ya misuli hufuata hesabu ya kamba. Kadiri kiumbe anavyokuwa mkubwa, ndivyo uzito unavyoitangulia nguvu. Kwa hiyo siafu hubeba mzigo uliomzidi mwenyewe akaenda zake, na tembo hawezi kuruka hata kijiti. Mdudu yule angekuwa na ukubwa wa mtu, miguu yake isingemchukua. Basi si haki kumpima mtu na mdudu.

Bora tumpime na jamaa wa karibu, yaani sokwe. Zamani ilisemwa kwamba sokwe mmoja ana nguvu za watu watano. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2017 vimeonyesha kwamba, misuli kwa misuli ya uzito ule ule, sokwe humzidi mtu kwa theluthi moja hivi. Ni nyingi, lakini si mara tano. Na sababu yake imejulikana. Misuli ina nyuzi za namna mbili: ziko nyuzi za haraka, zenye nguvu nyingi na kuchoka upesi, tena ziko nyuzi za polepole, zenye nguvu kidogo na kudumu sana. Sokwe ana nyingi za namna ya kwanza. Mwanadamu ana nyingi za namna ya pili. Neno hili liwekeni moyoni, maana ndilo litakalotupeleka mbele.

Nisiwasahau wavuvi. Mwaka 2009 César Cielo wa Brazili aliogelea meta 50 kwa sekunde 20.91. Ukifanya hesabu ni kama kilometa 8 na nusu kwa saa, ambao kwa pomboo ni mwendo wa matembezi. Mwaka huo huo Mfaransa Stéphane Mifsud alizuia pumzi ndani ya maji dakika 11 na sekunde 35. Lakini yuko nyangumi wa aina moja mwenye mdomo kama wa pomboo, aliyepimwa akakaa chini ya maji saa 3 na dakika 42 bila kupanda juu. Kwa habari ya sulisuli, vitabu vingi viliandika kwamba huenda kilometa 110 kwa saa. Wataalamu walipompima kwa vyombo vya siku hizi waliona kwamba mwendo wake haufiki nusu ya hesabu hiyo. Mwaona faida ya kupima? Hata samaki huongezewa sifa na watu wasiomfuata. Walakini hata kwa nusu hiyo, hapana mwogeleaji amwezaye.

Basi hata hapa tulipofika mwanadamu ameshindwa katika mbio fupi, ameshindwa kuruka, ameshindwa kuvuta, ameshindwa baharini. Je, tufunge kitabu? La. Wahenga walisema, Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tutafute ubawa wetu ni upi.

Rudini kwa duma. Katika nchi ya Botswana duma wa mwituni walivikwa mikanda yenye vipimo shingoni, na habari zao zikatangazwa mwaka 2013. Aliyekimbia kuliko wote alifika kilometa 93 kwa saa. Lakini mbio zao, zikichukuliwa zote pamoja na kugawanywa sawasawa, zilikuwa za meta 173 tu. Baada ya hapo duma ama amekamata, ama ameacha. Wazee wetu walilijua jambo hili pasipo mikanda, wakasema, Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwaka ule ule wa 2013 lilitokea jambo katika kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya. Duma wawili walikuwa wakiua mbuzi wa mfugaji mmoja siku baada ya siku, hata wakafika 15. Mfugaji yule hakuchukua bunduki, wala hakuweka sumu. Alingoja mpaka jua la utosini, saa ambayo duma hupenda kulala kivulini, kisha akaenda na vijana watatu wakawafukuza kwa miguu. Duma wakatangulia kwa mbali, wakasimama. Watu wakaja polepole, hawaachi. Duma wakakimbia tena, wakasimama tena. Yapata kilometa 6 wanyama wale walichoka kabisa, wasiweze hata kujitetea, wakafungwa kamba wangali hai, wakapewa watu wa idara ya wanyamapori ya Kenya. Siwaambii haya ili mkajaribu. Duma wamebaki wachache, tena mnyama aliyebanwa ni hatari, na kazi hiyo ina wenyewe. Nawaambia ili mwone kwamba mnyama mwenye mbio kuliko wote duniani alikamatwa na wafugaji kwa miguu yao mitupu, bila silaha, kwa uvumilivu tu.

Siri yake ni nini? Siri ya kwanza ni jasho. Mwili wa mtu una vitundu vya jasho milioni mbili mpaka nne, na ngozi yake haikufunikwa na manyoya mengi. Akikimbia juani, jasho hutoka, upepo hulikausha, na mwili hupoa wakati ule ule akiwa mbioni. Wanyama wengi hupoa kwa kuhema, na mnyama aendaye mbio za miguu minne hawezi kuhema atakavyo, maana pumzi yake hufungamana na hatua zake. Sharti asimame. Siri ya pili ni ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ambao hujivuta na kurudi kama utambo wa mtego, ukarudisha nguvu katika kila hatua. Siri ya tatu ni zile nyuzi za polepole nilizozitaja. Kwa siri hizi wawindaji wa jangwa la Kalahari waliweza kumfuata tandala wakati wa adhuhuri saa nyingi, mpaka anasimama mwenyewe mbele yao.

Katika nchi ya Wales, penye mji mdogo uitwao Llanwrtyd Wells, yamekuwako mashindano ya watu na farasi tangu mwaka 1980. Njia yake ni ya vilima na matope, urefu wake kama kilometa 35. Kwa miaka mingi farasi ndio walioshinda, na watu wakacheka. Hata mwaka 2004 Huw Lobb alikimbia kwa saa 2 na dakika 5, akawashinda farasi wote. Tangu hapo watu wengine wameshinda pia. Kwa meta 100 farasi hana haja hata ya kumtazama mtu. Kwa kilometa 35 sharti amtazame.

Mwaka 2023, mjini Chicago, Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyefariki dunia mwaka 2024, alikimbia marathoni, yaani kilometa 42 na meta 195, kwa saa 2, sekunde 35. Maana yake ni kwamba alikimbia kila meta 100 kwa sekunde 17 na kidogo, akafanya hivyo mara 422 mfululizo. Kijana aliyepo hapa akitaka kuijua kazi hiyo, na akimbie meta 100 kwa sekunde 17 mara kumi tu pasipo kupumzika, kisha aje atuambie.

Na nchi yetu haikukosa watu katika jambo hili. Mwaka 1968, huko Meksiko, John Stephen Akhwari alianguka njiani akaumia goti, lakini hakutoka katika mashindano. Aliingia uwanjani akichechemea, giza limekwisha ingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Hakupata nishani, lakini jina lake latajwa mpaka leo kuliko majina ya wengi waliozipata. Mwaka 1974 Filbert Bayi alikimbia meta 1,500 huko Christchurch, New Zealand, akiwaongoza wenziwe tangu mwanzo hata mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka 1989 Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York. Na mwezi Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alipata ubingwa wa dunia wa marathoni, akiwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walifika pamoja kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi picha itazamwe kwanza. Baada ya kilometa 42 tofauti yao ilikuwa sehemu 3 za sekunde moja iliyogawanywa mara 100. Hapo mwenye kuwaza kupumzika hatua moja amepotewa na yote.

Uko na ubawa wa pili, nao ni kutupa. Sokwe hutupa jiwe, lakini kwa unyonge na bila shabaha. Bega la mtu limeumbwa ili lijivute nyuma na kufyatuka mbele. Mwaka 2015, mjini Beijing, Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki meta 92.72 akawa bingwa wa dunia. Naye alijifunza kwa kutazama picha za warushaji katika intaneti, maana alikosa mwalimu wa mchezo huo. Hapana mnyama hata mmoja awezaye kufanya hivyo.

Na ubawa wa tatu ndio mkubwa, yaani kufundishana. Duma wa leo hukimbia kama duma wa zamani za mababu. Mwanadamu sivyo. Katika mwaka 1908 mshindi wa marathoni ya Olimpiki huko London alitumia saa 2 na dakika 55. Katika mwaka 2023 Kiptum alipunguza karibu dakika 55. Mifupa ya watu haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni mafunzo, chakula, viatu na njia, na aliyetangulia kumwonyesha ajaye nyuma.

Sasa nafika kwenye neno letu. Ubawa wa komba hauozi, maana kila usiku sharti aruke ndipo ale. Ubawa wa mwanadamu huoza usipotumiwa. Mtoto apandaye bodaboda kwenda shule iliyo karibu, kisha akarudi na kuketi mbele ya simu mpaka usiku, amepewa mwili wa kukimbia nchi nzima naye hautumii kwa lolote. Wako pia vijana wadhanio kwamba nguvu za mnyama hupatikana kwa kula mafuta yake au kuvaa ukucha wake. Kama ingekuwa hivyo, mla kuku angeruka. Nguvu huja kwa kuzoeza mwili kila siku, wala haiuzwi kwenye chupa.

Kwa hiyo nina maombi manne. La kwanza, kwenu wazee na viongozi. Ardhi ya Kigamboni yapimwa na kuuzwa, na bei yake yapanda. Mkikaa kugawa viwanja vya nyumba, tengeni na uwanja wa watoto, mkauandike katika karatasi, maana kisichoandikwa huliwa. Nyumba yaweza kujengwa baadaye mahali pengine. Uwanja ukiisha kujengwa haurudi.

La pili, kwenu walimu. Msiingoje UMITASHUMTA ndipo mtafute wakimbiaji. Samaki mkunje angali mbichi. Pwani yetu ina mchanga mrefu, na maji yakipwa ni uwanja usiolipiwa. Saa na daftari vyatosha: mwandikieni kila mtoto muda wake, ili ashindane na nafsi yake ya mwezi uliopita.

La tatu, kwenu wazazi, msiwazuie mabinti. Faith Kipyegon wa Kenya alipata dhahabu ya meta 1,500 katika Olimpiki tatu zilizofuatana, na kati ya ile ya kwanza na ya pili alizaa mtoto. Ikiwa uzazi haukumzuia yeye, kwa nini baba wa hapa amzuie binti wa miaka kumi kwa kusema mbio si kazi ya kike?

La nne, tuwaachie wanyama nafasi yao. Kasa hupanda pwani zetu usiku kutaga mayai, zaidi ya 100 kwa mara moja, kisha hurudi baharini na kusafiri mwendo ambao hapana mwogeleaji auwezaye. Nyangumi hupita mbele ya pwani hii kila mwaka tangu mwezi Julai, wakitoka katika bahari za baridi za kusini. Nasi tukiwaua kasa na kula mayai yao, watoto wetu watalipima jina tu kitabuni, wasimwone mwenye jina.

Hukumu yangu ni hii. Mwanadamu si bwana wa mbio wala wa nguvu. Katika hayo na akae chini kwa adabu. Lakini amepewa kudumu, amepewa mkono wa kutupa, na amepewa kumfundisha mwenziwe. Wa kwanza kati yao huonekana mchana wa jua, wa pili huonekana uwanjani, na wa tatu hauonekani pasipo wazee na walimu kama ninyi. Mwenye swali na aulize, na mwenye hesabu iliyo bora kuliko zangu na ailete.